Pompe Chini ya Kiti cha Mama

Siku hizi nyumba nyingi za Bujumbura zina bido ya esanse, yaani dumu la petroli, iliyofichwa mahali kwa ajili ya uhaba. Yetu iko kwenye korido, nyuma ya pazia, mdomo wake umefungwa kwa mfuko na mpira, na bado harufu inatoka. Mume wangu anasema haisikii. Watoto wanasema wanaipenda. Mimi ikinifikia asubuhi kabla sijanywa hata chai, nafungua milango yote. Wala siogopi moto, ingawa moto ungetosha kabisa kumtia hofu mtu mwenye akili zake. Harufu hiyo inanirudisha kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba yangu, miguu ya mama iliyovimba ikiwa juu ya mapaja yangu, nami nimekaza masikio kusikiliza kama watu wote wawili bado wanapumua.

Ninyi wa rika langu mnayakumbuka magari yale ya Kifaransa, mazito, yenye pua ndefu na viti vinavyomeza mtu. La baba lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Lilikuwa na rangi ya maziwa, na mlango mmoja ulifunguliwa kwa ndani tu. Baba alikuwa mtunza stoo katika ghala moja kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na kila jioni akirudi nyumbani Nyakabiga alilipangusa kabla ya kuvua viatu. Mama alikuwa akisema kwamba ameolewa mitala bila kuambiwa.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa mmoja. Asubuhi lilikwenda vizuri. Lakini jua la saa sita likiwaka, hasa likipandishwa kilima, lilikohoa mara tatu nne, likazimika. Ulisubiri nusu saa, ukaliwasha, likawaka kama vile halijawahi kukukosea. Majirani walikuwa wakimuuliza baba wakimwona anatembea kwa miguu, "Papa Zaina, leo amekataa?" Baba alicheka nao. Halafu mama akapata mimba, na baba akaacha kucheka.

Lazima niseme wazi jambo hili, maana ndilo lililotushika roho sote. Kabla ya mimba ile mama alikuwa amepoteza mbili, moja nikiwa mdogo sana, nyingine nikiwa na akili za kutosha kukumbuka ndoo na mashuka. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane. Daktari wa kliniki ndogo kule juu Kiriri alikuwa amewaambia kwamba mtoto amekaa vibaya, kwamba itabidi mama apasuliwe, na kwamba uchungu wa kwanza ukija wasisubiri wa pili. Nilisikia maneno hayo nikiwa nimesimama nyuma ya mlango, mahali ambapo watoto husomea mambo yao muhimu. Kliniki iko juu ya kilima na gari haliwezi kilima. Mtoto wa miaka minane anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Baba akasema ataweka pompe, yaani pampu, mpya kwenye gari. Hapo ndipo hofu yangu ilipopata jina.

Njia ya shule yetu ilipita mbele ya duka moja lenye masanduku marefu ya mbao, yamepakwa vanishi yanang'aa, yana vishikio vya rangi ya dhahabu. Sisi Waislamu wa mji huu hatuna haja ya duka la namna hiyo. Kwetu mtu akifa anaoshwa, anavikwa sanda, anabebwa kwenye jeneza la msikiti, na jeneza linarudi msikitini kumngoja mwingine. Kwa hiyo masanduku yale sikuyajua ni ya nini. Nilidhani ni kabati za kulaza. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kusoma Kifaransa, nikisoma kila kibao kilichonijia mbele, na kibao cha pale kiliandikwa kwa herufi nyeusi: POMPES FUNÈBRES. La pili lilinishinda. La kwanza nikalisoma kwa sauti, kwa majivuno, nikiwa nimemshika mama mkono.

Mama alinivuta mpaka bega likaniuma. "Nyamaza! Usitaje mambo hayo karibu na tumbo!"

Kwetu mambo ya mauti hayatajwi karibu na mwanamke mjamzito, na mama, baada ya yale mawili yaliyomkuta, alikuwa mkali maradufu kwa hilo. Kesho yake nikamwuliza Esperansi, rafiki yangu wa dawati moja. Familia yake ilikuwa imetoka Uvira, walikuwa Wakristo, na mjomba wake alikuwa amezikwa ndani ya sanduku kama yale. Nilimwona kuwa mtaalamu.

"Pale banapeleka batu benye bamekufa," aliniambia, akitafuna ncha ya kalamu.

"Na pompe ni ya nini?"

Alifikiri kidogo. Sasa najua kwamba alikuwa hajui. Wakati ule nilidhani anatafuta maneno mepesi kwa ajili yangu. "Pompe inatosha roho," akasema, yaani inaitoa. "Ile yenye inabakia mu mwili. Inaivuta yote."

Pompe ya baiskeli niliijua. Ile inaingiza upepo. Nikaona basi ziko pompe za aina mbili, za kuingiza na za kutoa, na hii ya pili wanaijua watu wakubwa, ndiyo maana hawaitaji mbele ya watoto wala karibu na matumbo. Halafu jioni moja, tukiwa tunakula, baba akasema kwa sauti yake ya kawaida, mama akiwa amekaa palepale na mkono juu ya tumbo, "Jumamosi Fundi Saidi ataweka pompe mu gari." Na mama akasema, "Mungu asaidie." Nikaurudisha wali sahanini.

Fundi Saidi alikuwa na garaji Buyenzi, uani kwake, chini ya mabati. Alikuwa rafiki wa baba tangu chuo cha Kurani, mtu mwembamba mwenye vidole virefu, na alikuwa na tabia ya kuzungumza juu ya vyuma kana kwamba ni watu wa nyumbani kwake. Jumamosi ile baba alinichukua ili mama apate kulala. Pompe ilikuwa juu ya meza, imewekwa kwenye kitambaa safi. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotazamia, kama kopo la maziwa ya unga la mtoto, ina nyaya mbili na vinywa viwili. Vinywa ndivyo vilivyonitisha.

"Huyu ni wa kura," fundi akamweleza baba, na kura ndiyo umeme kwa lugha ya mafundi wetu. "Ile ya zamani iko imekaa pale juu ya moteri, moteri akipata moto na yeye anapata moto. Esanse inachemka mu bomba, inageuka mvuke, yeye anavuta upepo tupu. Njo maana gari inakufa mu kilima."

Kuvuta. Kufa. Sikuhitaji kusikia zaidi, lakini nilisikia.

"Basi tumuweke mbele, hapa," baba akasema akionyesha ndani ya boneti, pembeni, karibu na ukuta wa dereva. "Nimuone. Akileta matata nifungue tu, nimushike."

"Apana. Mbele ni moto. Tena huyu hapendi kuvuta toka mbali, anapenda kusukuma. Mumuweke karibu na tanki, chini kuliko tanki, esanse imuangukie yenyewe mu kinywa." Fundi akazunguka nyuma, akalala chali, akaingia chini ya gari. Tukasikia spana inagonga sakafu ya gari kwa chini, ko, ko, ikitafuta. "Upande wa kushoto kuna bomba ya moshi, apana. Hapa kuume, sawa. Hapa. Chini ya mama."

Upande wa kuume, kiti cha nyuma, ndipo mama alipokaa tangu miguu ilipoanza kuvimba. Aliegemea mlango akanyoosha miguu juu yangu. Fundi alilijua hilo kwa sababu alimwona kila siku.

"Chini ya mama," baba akarudia, kwa unyonge wa mtu aliyeshindwa hoja. "Haya."

Sijui kama naweza kuwaeleza kilichonipata. Watu wawili niliowaamini kuliko wote baada ya mama walikuwa wamesimama mchana kweupe, wanajadiliana pompe ya kutosha roho ikae wapi, na wamekubaliana ikae chini ya mama yangu. Walikuwa hawana ubaya usoni. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nilijaribu kuwasaidia. Nilisema, "Muiweke upande wangu." Fundi akacheka, akaniambia upande wangu una moshi, huyu hawezi moto. Nikasema basi mimi na mama tubadilishane viti. Baba akaniambia niache mchezo, mama hawezi kugeuka na tumbo lile.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Baba akaenda msikitini, ni nyumba tatu kutoka pale. Fundi alibaki amalize kuchora mahali pa kutoboa, yeye alikuwa na grisi mpaka viwikoni na angeswali baadaye. Nikawa peke yangu na miguu yake inayochungulia chini ya gari. Nilipiga moyo konde.

"Fundi."

"Ee."

"Mama alisema hataki."

Miguu ikatulia. "Hataki nini?"

"Hataki pompe chini yake. Alisema muiweke mbele."

Alijisukuma akatoka, akaniangalia kutoka chini, chaki mkononi. "Mama alisema vile? Lini?"

"Asubuhi." Halafu, kwa kuwa nilimwona hajashawishika, ulimi wangu ukaenda mbele yangu: "Alisema ikilia chini yake, mutoto mu tumbo atashituka."

Nawaambia, sijawahi kusema uongo mzuri kama ule tena. Fundi Saidi aliyajua yale mawili yaliyompata mama. Mkewe ndiye aliyekuwa amekuja na mashuka safi. Akaketi, akajipangusa uso na mkono, akabaki na grisi kwenye paji. Baba aliporudi, fundi akamwambia kabla hata hajavuka kizingiti: "Rafiki yangu, mama amekataa nyuma. Anaogopa kelele, juu ya mutoto."

Baba akasimama. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia fundi, kisha pompe juu ya kitambaa chake.

"Kama mama amesema," akasema, "basi mbele."

"Mbele atapata moto. Nimesema. Siku akishindwa musije kunililia hapa."

"Mbele," baba akasema.

Ikafungwa mbele. Mwanzoni nilihisi nimeokoa dunia. Kisha tukaingia garini, baba akageuza ufunguo, na kabla moteri haijawaka nikaisikia: tak, tak, tak, tak, taratibu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Sauti ilitoka palepale mbele ya magoti ya baba. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimefikiria "mbele" kama mahali pasipo na mtu, mahali pa vyuma. Nilikuwa nimemsahau dereva.

Wiki zile mbili sizitamani kwa adui. Baba akilala mchana siku ya Jumapili, nilikuwa naweka sikio mlangoni. Akipiga chafya, naacha nilichoshika. Siku moja alikohoa mfululizo kwa sababu ya pilipili, nikaanza kulia mbele ya wageni, na mama akasema mtoto huyu ana wivu wa mdogo wake kabla hajazaliwa. Nilisoma sura zote fupi nilizofundishwa chuoni, nikizielekeza upande wa boneti. Nilitaka kusema. Kila asubuhi niliamka nimeazimia kusema. Lakini nikisema, wataitoa mbele na kuirudisha chini ya mama, na itakuwa ni mimi nimechagua, kwa mdomo wangu, nani kati yao. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa natembea na uchaguzi huo ndani ya mkoba wa shule.

Uchungu wa kwanza ulikuja katikati ya asubuhi, shule ikiwa imefungwa. Mama alikuwa anachambua maharage. Alishika meza, akaiachia, akasema kwa utulivu sana, "Zaina, nenda kwa jirani, bamupigie papa'ko simu." Baba alifika baada ya saa moja na zaidi, shati limeshikana na mgongo. Jua lilikuwa limesimama utosini. Tukamwingiza mama nyuma kuume, nami nikakaa mahali pangu, miguu yake juu yangu. Ilikuwa ya moto.

Mjini barabara ilikuwa imejaa. Tulisimama, tukasogea, tukasimama. Joto la moteri lilitoka chini ya dashibodi na kutufikia nyuma. Mama alikuwa amefumba macho, anapumua kwa mdomo. Kisha njia ikafunguka, tukaanza kupanda Kiriri, tukapita kuta ndefu zenye maua juu, na mageti yaliyofungwa. Nilikuwa nimetega sikio kama kawaida yangu. Tak, tak, tak. Halafu ikabadilika. Taktaktaktaktak, haraka haraka, kama kitu chenye njaa. Sasa najua kwamba pompe ya umeme ikivuta mvuke badala ya esanse hukimbia hivyo, haina kitu cha kusukuma. Siku ile nilijua kwamba imeanza kazi yake.

Gari likakohoa. Likakohoa tena. Likazimika katikati ya kilima.

Baba alivuta breki ya mkono, akaruka nje, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Akafungua boneti akainama, kichwa chote kikazama ndani. Nilitupa miguu ya mama pembeni, nikatoka, nikamshika shati kwa nyuma nikavuta. "Papa, toka hapo! Toka!" Hakuelewa. Alinisukuma kwa kiwiko, si kwa nguvu, lakini baba hakuwa mtu wa kunisukuma. "Rudi kwa mama'ko!"

Nikarudi. Nikapanda kitini, nikauweka mdomo kwenye sikio la mama, na nikamwaga vyote: kibao cha dukani, Esperansi, roho inayobaki mwilini, Fundi Saidi kugonga na spana, uongo wangu, na kwamba sasa pompe inamvuta papa na nisamehe, mama, nisamehe. Nililitaja neno lile mara nne au tano, karibu kabisa na tumbo. Mama alinisikiliza hali uchungu unamjia na kuondoka. Mara moja nilidhani anacheka. Huenda alikuwa anacheka.

"Ni kyuma tu," akasema. "Zaina. Sikia. Ni kyuma ya kuvuta esanse. Papa'ko hafi."

Kivuli cha baba kikaja dirishani. Alikuwa na masizi usoni na mikono ilikuwa inamtetemeka, niliiona ilivyoshika ukingo wa mlango. "Esanse imechemka," akasema. "Pompe iko moto, haishikiki." Akanigeukia. "We Zaina, ile siku kwa fundi..."

Mama akamkata. "Ni mi nilikataa nyuma." Alisema akiwa amekaza meno. "Nilihofia kelele. Rudi ku moteri yako."

Baba alimwangalia. Kisha akainamisha kichwa, akarudi mbele, na mimi niliyemwona kwa nyuma nikasema moyoni, amemkasirikia mama, kwa ajili yangu.

Zamu, mlinzi wa nyumba iliyokuwa mkabala, alikuwa ametoka getini kutazama. Alipomwona mama, alirudi ndani mbio, akaja na bido ya maji. "Ihangane, mama," akawa anasema kwa Kirundi, yaani vumilia, "ihangane." Baba aliivua shuka ya mama ya begani, wakailowesha, wakaifunga pompe kama mtu anavyomfunga mgonjwa wa homa, na zamu akawa anaimwagia maji kidogo kidogo. Mvuke ulitoka. Tulingoja. Mama aliniuma mkono, nina hakika hakujua kwamba ni mkono wangu. Halafu baba akaingia, akageuza ufunguo, tak-tak-tak kwa haraka, kisha ikapunguza, ikapunguza tena, tak, tak, na moteri ikashika. Zamu alikimbia nyuma yetu akisukuma kwa mabega mpaka tulipomwacha.

Mdogo wangu alitoka tumboni kimya. Baba na mimi tulikuwa kwenye benchi la korido. Tulisikia wanampiga makofi mgongoni, tukasikia mtu anasema jambo kwa Kirundi, kisha kimya, kisha makofi tena. Sijui kilidumu muda gani. Baba alikuwa amenishika kichwa akakibana kwenye mbavu zake. Ndipo mtoto akalia, sauti nyembamba, ya manung'uniko. Daktari alitoka akavua kofia na kumwambia baba kwamba wangechelewa kidogo zaidi angekuwa anamwambia maneno mengine. Baba aliitikia kwa kichwa. Hakunitazama.

Wiki iliyofuata Fundi Saidi aliihamisha pompe, akaifunga alipotaka tangu mwanzo, juu ya vipande vya mpira ili isitikise sakafu. Gari halikuzimika tena kilimani. Mdogo wangu alilazwa kwenye kiti kile juu yake, na sauti ile ilimpa usingizi kuliko wimbo wowote. Maana ya lile neno la kibao niliipata miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu alipotueleza kwamba pompe ya mazishi haihusiani na ya kuvuta. Ni neno la zamani la heshima na fahari. Darasa zima liliandika. Mimi nililaza kichwa juu ya daftari nikacheka mpaka nikatolewa nje, na nje nikalia.

Lakini kilichonikaa moyoni si lile neno. Ni kwamba nilimwachia mama kosa langu. Fundi Saidi alikuja kwetu kila Idi, na kila akinywa kahawa alikumbuka. "Mama huyu alitaka kutuua na kelele yake," alisema akicheka, na wageni walicheka, na mama alitabasamu akasema, "Ee, nilihofia." Mara zote baba alinyanyuka. Alikwenda kunawa mikono iliyokuwa safi, au kutazama geti. Nilikua nikiamini kwamba hajamsamehe, kwamba kuna mlango kati yao nilioufunga mimi, nami sikuwa na ujasiri wa kuufungua. Nikaolewa hivyo. Nikazaa hivyo.

Baba ametutoka. Mama yuko eda, hatoki, nami huenda kushinda naye siku za Jumamosi. Jumamosi iliyopita Fundi Saidi alipita kutupa pole, mzee sasa, anatembea na fimbo, akasimama uani na kuongea na mama kupitia pazia la mlango. Alimtaja rafiki yake, alilitaja gari, na hakuweza kujizuia: akaitaja pompe. Mama akajibu kutoka ndani, "Ee, nilihofia kelele." Fundi akaondoka. Na mimi, mwanamke wa makamo mwenye watoto wanne, nikamsogelea mama kama ningali mtoto wa miaka minane.

"Mama," nikasema, "papa amekufa bila kujua ukweli. Ni mi nilisema uongo. Na we ulibeba miaka yote."

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Papa'ko alikuwa anajua," akasema.

"Alijua nini?"

"Ile Ijumaa, mbele ya kwenda kwa fundi, aliniuliza. 'Mama Zaina, tukiiweka chini yako, kelele itakusumbua?' Nikamwambia, weka pale fundi anataka. Alisikia na masikio yake." Akailaza nguo, akachukua nyingine. "We ulisema uongo kwa fundi. Yeye alijua ni uongo. Lakini alikuwa anataka mbele, amuone pompe wake. Ule uongo ulimufurahisha."

Nilikaa kitandani. Nilimwona baba akinyanyuka, Idi baada ya Idi, kwenda kunawa mikono. Nikamwuliza mama kwa nini basi, pale kilimani, hakusema. Kwa nini hakumsema yeye, au mimi, au sote wawili.

Alinitazama kama anavyomtazama mjukuu aliyeuliza swali la kitoto.

"Ningesema, we ungelia zaidi, na yeye mikono ilikuwa inamutetemeka tayari," akasema. "Nilikuwa na mutoto mu njia, Zaina, na dereva mumoja tu."